Shangazi, nimemsamehe lakini sitaki kumwona

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 16, niko sekondari. Rafiki yangu tuliyesoma pamoja tangu darasa la kwanza amenisaliti. Mwalimu wa hesabu aliona majibu yetu ya swali la saba yamefanana mpaka kosa lenyewe, akatuita mmoja mmoja, na yeye akanitaja. Nimepewa sifuri, nimevuliwa ukiranja, na mama hazungumzi nami kama zamani. Tangu utotoni ndoto yangu ni kuwa rubani, sasa imekufa kwa sababu yake. Alikuja kuniomba msamaha, nikamwambia nimemsamehe, lakini nikimwona koridoni napita upande mwingine. Kikokotoo chake kimo mkobani mwangu tangu siku ya mtihani na sitaki hata kukigusa. Nalala saa saba usiku, saa kumi na moja alfajiri niko macho, na naota kila siku nimo kwenye chumba cha mtihani, kalamu yangu haitoi wino. Nifanye nini ili aelewe alichonifanyia?" – Mwenye Jeraha

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuvuliwa ukiranja mbele ya wenzako si jambo dogo katika umri wako, na mama akinyamaza, nyumba nzima hupoa. Pole hiyo imetoka moyoni, ila sitairudia, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta sentensi moja tu na sikuiona.

Hapa nimeifupisha, lakini uliyoniletea ina kurasa mbili na nusu. Humo umeandika jinsi mwalimu alivyokutazama, jinsi darasa lilivyonong'ona, jinsi beji ya ukiranja ilivyoacha alama kwenye shati. Rafiki yako umemtaja mara kumi na moja. Mahali ulipoandika "Shangazi, mimi sikuangalizia" hapapo.

Mtu aliyesingiziwa huanza na hilo. Hata umwamshe usingizini, neno la kwanza ni "si mimi". Wewe umezunguka kurasa zote hizo ukieleza uchungu wa kutajwa, na kuhusu kosa lenyewe umesema tu kwamba majibu "yamefanana". Majibu hayafanani yenyewe, mwanangu. Kuna jicho lililovuka dawati, na nadhani wote wawili tunajua ni la nani.

Halafu hicho kikokotoo. Kiliingiaje mkobani mwako siku ya mtihani wa hesabu? Mwanafunzi hasahau kikokotoo chake kwenye mkoba wa mwenzake siku kama hiyo. Alikuazima. Huenda chako kilikuwa kibovu, huenda hukuwa nacho, akaona ni heri wewe upate naye akokotoe kwa mkono. Nawaza swali la saba lilikosewa kwa nini, na nawaza kama lingekosewa iwapo kikokotoo kingebaki kwa mwenyewe. Mtoto huyu alikupa kifaa chake, ukachukua na jibu lake, na bado unaniuliza utamfanyaje aelewe alichokufanyia!

Rafiki yako hakukusaliti. Aliitwa peke yake mbele ya mwalimu mwenye karatasi mbili mkononi. Angenyamaza, sifuri ingewaangukia wote, au ingemwangukia yeye peke yake, kwa sababu nani angemshuku kiranja? Ulitaka aibebe? Aliulizwa, akasema kweli. Wazee walisema msema kweli hana wajoli, yaani hana marafiki, na wewe ndiwe unayeukamilisha usemi huo kila unapokwepa koridoni.

Na bado alikuja kukuomba msamaha. Nimekaa sana na sentensi yako hiyo. Alikosa nini? Nadhani alihuzunika kukuona umeanguka, akakosa neno jingine la kusema. Huyo ni mtoto aliyelelewa akaleleka, nami namtetea hapa bila haya ingawa hajaniandikia hata mstari.

Wewe ukamjibu, "Nimekusamehe." Kwa lipi? Umekalia kiti cha mkosewa ilhali si chako, ukatoa msamaha ambao wewe ndiye ulipaswa kuuomba. Ndiyo maana haujakutuliza. Msamaha wa kweli hushusha mzigo, na wako umeongeza mmoja juu ya mwingine.

Najua wanaosoma hapa wamo waliokosewa kwelikweli: waliopigwa, walioibiwa, waliochafuliwa majina. Kwenu nasema tofauti. Kumsamehe mtu si kumrudisha kitandani wala mezani. Unaweza kumsamehe ukakaa mbali naye, na asiwepo wa kukulaumu. Ila mwenzetu huyu wa miaka 16 hayumo kundini mwenu, na asijifunike shuka lenu.

Naomba niwageukie kidogo waliooa na kuolewa, maana barua yao na hii ya mtoto ni moja. Mke ananiandikia kurasa nne za makosa ya mume, namtafuta yeye mwenyewe ndani ya hadithi simwoni. Mume ananiandikia mke wake amebadilika, haniambii alibadilika baada ya nini. Siku hizi watu wanaingia kwenye ndoa wakijua kuchagua nguo za harusi, kupiga picha, kutumiana maneno matamu kwenye simu, lakini neno "nimekosa" haliwatoki. Analimeza, anazunguka nalo, anasema "kama nilikuudhi", anasema "na wewe pia". Wahenga walituambia kosa moja haliachishi mke. Walikuwa na haki, lakini kosa lisilokiriwa halibaki moja. Linazaa uongo wa kulifunika, uongo unazaa kununa, kununa kunazaa vitanda viwili. Tabia hiyo watu hawaianzii ukweni. Wameianza wakiwa na umri wako, koridoni, wakipita upande mwingine.

Sasa turudi kwenye urubani, maana hapo ndipo uliponigusa zaidi.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu ukiwa mzito. Walikufa watu 583. Hakuna ajali ya usafiri wa anga iliyoua wengi kuliko hiyo. Rubani mkuu wa ndege moja alianza kuondoka kabla hajaruhusiwa kuruka. Mhandisi aliyekuwa naye kwenye chumba cha marubani aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa uzoefu na heshima kubwa kazini, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Hakuna aliyembishia tena.

Miaka iliyofuata, mafunzo ya marubani yalibadilika. Rubani msaidizi hufundishwa kumwambia mkuu wake "hapa unakosea", na mkuu hufundishwa kusikia bila kununa. Marekani kuna mpango uliopo tangu 1976, unaoendeshwa na NASA, shirika la anga la nchi hiyo, ambao humpa rubani nafasi ya kuandika kosa alilolifanya yeye mwenyewe. Majina huondolewa, na wengine hujifunza kutokana nalo. Tena kila rubani ana daftari la saa zake za kuruka. Leseni ya juu ya kurusha ndege za abiria inadai zifike angalau 1,500, na anayelijaza daftari hilo ni yeye mwenyewe. Hesabu hizo hazina jirani wa kuangalizia.

Basi niambie, kati yako na rafiki yako, kwa yale mliyoyaonyesha siku ya mtihani, ni yupi kati yenu ungependa akurushie mama yako?

Sikuulizi ili nikuvunje moyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sifuri ya mtihani mmoja wa shule haijafunga mlango wowote wa anga. Rudi kwenye hesabu, rudi kwenye fizikia, jifunze swali la saba mpaka uweze kumfundisha mtu. Ndoto yako haijafa. Unaisingizia kifo ili upate wa kumlaumu.

Ile ya usiku nayo tuimalize haraka. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Wewe unapata saa nne tu za usingizi. Usingizi wenye ndoto nyingi hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, na mtu akizinduka katikati yake huikumbuka ndoto waziwazi. Zima simu, lala mapema. Ndoto za mtihani huwapata hata watu wazima waliomaliza shule miaka mingi, kwa hiyo usijione umelogwa. Lakini kalamu isiyotoa wino mimi naisoma hivi: kuna jambo unalotakiwa kuliandika, na mkono unakataa.

Leo usiku anza na mama. Unadhani amekasirikia sifuri. Mimi nadhani anasubiri. Mama anayemjua mtoto wake alishaona usoni mwako siku ya kwanza, na kila siku unayokaa kimya anahesabu. Mwambie yote kabla hajakuuliza, usimtaje rafiki yako, usimtaje mwalimu. Atafoka. Mwache afoke.

Kesho fika shuleni mapema. Mwalimu wa hesabu mwambie maneno mawili matatu, usimwombe akurudishie chochote, hata ukiranja. Kisha mtafute rafiki yako mahali pasipo na watu, umwambie: "Niliangalizia. Ulisema kweli. Nisamehe." Ukisikia "lakini" inakuja mdomoni, funga mdomo. Huenda asikujibu. Huenda akapita upande mwingine kama ulivyokuwa ukimfanyia, na hilo ni haki yake, utangoje mpaka atakapokuwa tayari.

Usiende mikono mitupu. Kitoe hicho kikokotoo mkobani leo hii, kifute vumbi, bonyeza uone kama kinawaka. Kama betri imekwisha, weka mpya kabla hujamrudishia.