Miwani ya jua ya Kariakoo kwa airsoft?

Umeuliza kama miwani hiyo inatosha kukinga macho kwenye airsoft, mchezo wa kulengana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha vidonge vya plastiki, kwa kuwa inapendeza. Hapana, hata iwe kali namna gani. Kidonge cha gramu 0.20 kikitoka kwa mita 100 kwa sekunde kina nguvu ya jouli 1, na miwani ya fasheni haijapimwa kuhimili kitu hicho.

Soma maandishi madogo kwenye kioo na kwenye fremu. Alama ya EN 166, kiwango cha Ulaya cha miwani ya kukinga macho, yenye herufi F imepimwa kwa gololi ya chuma ya mm 6, mita 45 kwa sekunde, yaani takriban jouli 0.87. Herufi B ni mita 120, zaidi ya jouli 6. Chukua B. Miwani ya kawaida yenye mikono ya kushika masikioni huishia F, kwa hiyo B utaipata kwenye ile ya mkanda inayokaa usoni bila kuacha upenyo. Hilo ni muhimu sana, maana vidonge hudunda ukutani na kuingilia pembeni.

Miwani ya wavu wa waya badala ya kioo haipati ukungu, lakini kidonge kikipasuka vipande hupenya. Siiungi mkono.

Kwa joto la Dar ukungu ndio kero kubwa, na mtu akishindwa kuona huvua miwani katikati ya mchezo. Tafuta kioo cha tabaka mbili chenye matundu juu na chini. Kisafishe kwa maji na sabuni. Thina huipasua polikaboneti, yaani plastiki ya kioo hicho.

Urembo? Fremu nyembamba nyeusi, kioo cha moshi juani, kisicho na rangi ndani ya jengo. Vyote viwe na alama.