Difu ya nyuma inapovuma: maswali ya wasomaji na majibu ya mafundi

SWALI: Mafundi, shikamooni. Naendesha watalii kwa Land Cruiser HZJ79. Nikifika kilomita 60 kwa saa nikiwa nimekanyaga mafuta, nyuma kunavuma kama nyuki. Nikiachia mafuta, mvumo unapungua. Fundi wa kwanza kasema nibadilishe krauni na pinioni, wa pili kasema ni beringi za tairi. Nimsikilize yupi? (Dereva, Karatu)

JIBU: Marahaba. Difu ni boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa tairi mbili. Pinioni ni gia yake ndogo inayozungushwa na propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi), na krauni ni gia kubwa inayozungushwa na pinioni. Usimsikilize yeyote kwa sasa, maana hakuna aliyefungua nati ya oili ya difu.

Anza na tairi. Zile za vipele vikubwa zikilika vibaya huvuma sawasawa na difu. Hamishia za nyuma mbele, kisha pita barabara ileile kwa mwendo uleule. Mvumo ukihamia mbele, kazi imeisha na hujanunua kitu.

Usipohama, egesha mahali tambarare difu ikiwa bado ya moto. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Wapo waliomwaga oili yote ndipo wakagundua nati ya juu imeshikana kwa kutu, gari likalala hapo hapo. Kinga oili kwenye beseni safi, halafu pitisha kidole kwenye nati ya chini na kwenye mashapo. Uji mweusi laini kama grisi ni ulaji wa kawaida. Vijiganda vinavyometameta kama magamba ya dagaa ni uso wa beringi au wa meno unaobanduka. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha ni jino, na gari hilo lisitembee tena hata kwenda gereji.

Sasa ingia uvunguni, gia ikiwa huru, handibreki imefungwa na magogo yamezuia tairi. Shika propela karibu na difu, uisukume juu na chini. Krosi (kiungo kinachoiruhusu propela ipinde) ikiwa nzima, hapo hapatakiwi kucheza hata kidogo. Ikicheza flenji (sahani ya kufungia propela) ya difu yenyewe, beringi za pinioni zimekwisha au nati yake imelegea. Ikicheza krosi peke yake, badilisha krosi kwanza, kwa sababu krosi mbovu hugonga wakati wa kuondoka na kila mtu husingizia difu.

Beringi za tairi ni rahisi kuzitofautisha. Zenyewe hunguruma bila kujali umekanyaga mafuta au umeachia, na ukiyumbisha gari kushoto na kulia kwenye barabara pana, sauti hubadilika kadiri uzito unavyohama. Mvumo wako unafuata mafuta, hivyo fundi wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini "karibu" haitoshi kununulia krauni. Sauti ya kukanyaga mafuta inaweza kuwa meno yaliyolika, na inaweza pia kuwa beringi za pinioni zilizolegea zikaacha pinioni isogee kutoka mahali pake. La pili ukiliwahi mapema, unabadilisha beringi na sili (mpira unaozuia oili isivuje) tu, meno yako yanabaki.

Ndiyo maana difu ikishatolewa hupimwa kabla ya kufunguliwa. Mwambie fundi atumie geji ya saa (yenye uso na mshale kama saa) kwenye jino la krauni: mchezo kati ya meno kwa difu yako ya inchi 9.5 (kipenyo cha krauni) uwe milimita 0.15 hadi 0.20, kwa difu ya Hilux ya inchi 8 ni 0.13 hadi 0.18. Apime sehemu tatu au nne kuzunguka krauni, maana vipimo vikitofautiana sana, krauni imepinda au haikukaa sawa kwenye kiti chake. Halafu apake rangi ya kupimia kwenye meno matatu au manne, azuie krauni kwa kipande cha mbao ili pinioni ifanye kazi, aizungushe huku na huku. Alama inayofaa hukaa katikati ya jino, ikiegemea kidogo upande mwembamba wa ndani. Ikipanda kwenye kilele cha jino, pinioni iko mbali na krauni, inahitaji shimu (washa nyembamba ya kurekebishia) nene zaidi. Ikizama kwenye shina, pinioni imeingia mno, shimu ipunguzwe. Fundi asiye na geji wala rangi anakisia, na kukisia kwenye difu ni kununua krauni mbili.

SWALI: Habari zenu. Pikapu yetu ya Hilux hubeba maji na mizigo ya duka hadi vijiji vya ndani. Ndani ya miaka miwili tumebadilisha difu ya nyuma mara tatu, zote za mtumba. Kila moja hukaa miezi michache, inaanza kulia, kisha inavunjika. Je, difu za mtumba hazifai? (Mfanyabiashara, Isiolo)

JIBU: Difu ya mtumba nzuri hukaa miaka. Tatu zikifa kwa mtindo mmoja, tafuta muuaji nje ya difu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni hausingi ya ekseli, yaani ganda la chuma linalobeba difu na shafti za tairi. Pikapu inayopita na mzigo mzito kwenye barabara yenye vituta kama bati hupinda hausingi polepole, au huipasua karibu na viti vya springi. Ikipinda, shafti hazinyooki tena na gia za pembeni ndani ya difu; meno ya shafti hulika, sili huvuja kila baada ya wiki chache, beringi hubanwa upande mmoja. Kupima si kazi kubwa. Inua nyuma, chora mstari katikati ya kila tairi kwa chaki huku ukiizungusha, kisha pima umbali kati ya mistari hiyo miwili mbele ya ekseli na nyuma yake, kwa urefu uleule kutoka chini. Vipimo viwe karibu sawa. Vikiachana kwa milimita kadhaa, hausingi imepinda, na hata ukiweka difu mpya ya dukani itakufa vilevile. Pima pia juu na chini, ingawa hapo mzigo wenyewe huinamisha kidogo.

Mtuhumiwa wa pili ni springi. Watu wengi huongeza majani ya springi au kuinua gari ili libebe zaidi, wakasahau kwamba uso wa pinioni sasa unatazama kwingine. Flenji ya difu na ile ya nyuma ya gia boksi ya fo-bai-fo zinatakiwa ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi moja hivi. Simu nyingi zina programu ya kupima mlalo. Iweke kwenye flenji zote mbili. Zisipokuwa sambamba, propela hutetemeka, na mtetemo huo huishia kwenye beringi ya mbele ya pinioni. Na kama mliwahi kutenganisha propela sehemu inayoteleza, hakikisheni alama zake mbili zimekutana. Zikiachana kwa jino moja tu la shafti, mtetemo ni uleule.

Wa tatu ni mguu wa dereva. Gari likikwama kwenye udongo mweusi na tairi moja tu ikazunguka, difu isiyo na loki (kifungio kinachozifanya tairi mbili zizunguke pamoja) huizungusha tairi hiyo mara mbili ya kasi ya krauni. Mshale ukionyesha 40, tairi hiyo inakwenda 80, na gia ndogo za ndani zinazunguka kwa nguvu kwenye pini ambayo oili huifikia kwa shida. Pini huungua, hushikana, na siku tairi hiyo inapopata ardhi ngumu ghafla ikiwa bado inazunguka, kitu lazima kikatike. Dereva achimbe, aweke mawe au mbao, apunguze upepo wa tairi, aondoke kwa gia nzito taratibu.

La mwisho ni mafundi wenu. Waulizeni kama bushi nyembamba inayobonyea kati ya beringi za pinioni ilibadilishwa kila difu ilipofunguliwa. Bushi hiyo hutumika mara moja tu. Nati ikikazwa kupita kiasi, hairudishwi nyuma. Bushi hutolewa, ikawekwa nyingine, kazi ikaanza upya. Anayelegeza nati kidogo "ili izunguke vizuri" ameacha beringi bila ukazo, na pinioni itaanza kutembea siku hiyo hiyo. Beringi mpya hukazwa takribani maradufu ya zilizokwisha kutumika, kwa hiyo mkono wa fundi peke yake si kipimo. Kuna geji ya kupimia ugumu wa kuzunguka. Boliti za krauni kwenye difu hii hukazwa Nm 97 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na vifuniko vya beringi za pembeni Nm 78, kila kifuniko kikirudi upande wake.

SWALI: Difu ya nyuma ikivunjika porini, je, ni kweli naweza kurudi kwa tairi za mbele? (Msomaji, Ngara)

JIBU: Kweli, lakini inategemea ekseli.

Kwa Land Cruiser za familia ya 70 zenye ekseli ambayo shafti haibebi uzito wa gari, una bahati. Zuia tairi kwanza, maana ukitoa propela gia haishikilii nyuma tena. Weka alama ya rangi kwenye flenji, toa boliti nne nne za propela ya nyuma kila upande, uipakie ndani. Halafu fungua nati za shafti kwenye habu (vitovu vya tairi) zote mbili. Shafti ikigoma, gonga pembeni ya flenji kwa nyundo mpaka washa zenye umbo la pia ziruke, ndipo uivute nje. Tairi zinabaki zimeshikwa na habu, na breki zinafanya kazi. Ziba tundu la habu kwa mfuko wa plastiki na kitambaa kilichofungwa barabara, vumbi lisiingie kwenye beringi. Usiruke hatua ya shafti: ukitoa propela tu, tairi zitaendelea kuzungusha krauni yenye vipande, na kipande kimoja kikinasa kati ya meno tairi za nyuma zitafunga katikati ya mwendo.

Funga frii wili za mbele (vifungio vya kwenye habu vinavyounganisha tairi na shafti), ingiza fo-bai-fo ya gia nyepesi, uende kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Gari la fo-bai-fo ya wakati wote, kama Prado, lifungwe loki ya difu ya kati, la sivyo nguvu yote itapotelea kwenye propela iliyotolewa. Difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma. Usikanyage mafuta kwa nguvu huku usukani umekatwa hadi mwisho, usije ukavunja na jointi za mbele.

Kwa Hilux shafti ndiyo inayobeba tairi, haiwezi kutolewa. Kama kilichokufa ni pinioni tu na krauni inazunguka bila kunasa, toa propela uende polepole mno ukisikiliza. Ikinasa hata mara moja, simama, tafuta gari la kuinua nyuma.

SWALI: Nilivuka mto maji yakafika juu ya ekseli. Oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa, na hakuna sili inayovuja. Maji yameingilia wapi? (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Kwenye sili hizo hizo, yakivutwa kutoka nje. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ndani husinyaa ghafla na kuvuta. Kipumulio kidogo juu ya hausingi kingeruhusu hewa iingie, ila mara nyingi kimezibwa na tope, basi maji hupita kwenye midomo ya sili. Kitoe, weka mpira wa kustahimili oili uupandishe hadi karibu na injini au nyuma ya taa, ukiufunga usiguse ekzosi.

Oili hiyo imwagwe leo. Jaza oili ya bei nafuu ya daraja lilelile, endesha kilomita chache bila mzigo, mwaga tena, ndipo ujaze ya kudumu. Usisafishe kwa dizeli huku unaendesha gari. Ya kudumu iwe 80W-90 au 85W-90 (namba za uzito wa oili) ya daraja la GL-5. GL-4 ni ya gia boksi, haiyalindi meno ya difu. Kama difu yako ni ya kubana yenyewe (inayozuia tairi moja isizunguke bure peke yake), chupa iandikwe kuwa inafaa kwa LSD. Nunua lita 4, itabaki. Jaza hadi ifike ukingo wa tundu la juu, au isipungue zaidi ya milimita 5 chini yake, kisha kaza nati kwa Nm 49.

SWALI: Nimepata difu kamili ya mtumba eneo la Gerezani, muuzaji anasema "ni ya Hilux, inaingia". Nitajuaje kama inafaa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kuingia huenda ikaingia, swali ni uwiano, yaani propela huzunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Hesabu meno ya krauni na ya pinioni: 41 kwa 10 ni 4.1, 43 kwa 11 ni 3.9. Kwa difu iliyo kwenye gari lako, inua tairi moja tu ya nyuma, gia iwe huru, handibreki iachiwe, magogo yazuie tairi za mbele. Zungusha tairi hiyo mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, una 4.1, ikikaribia nne bila kutimiza, una 3.9. Jaribio hili ni la difu isiyo na loki wala ya kubana.

Ukiweka 3.9 nyuma na 4.1 ikabaki mbele, barabarani hutaona kitu. Siku utakapoingiza fo-bai-fo, ekseli mbili zitataka kwenda mwendo tofauti kwa karibu asilimia 5, zivutane mpaka kitu kikatike. Basi hesabu meno kabla hujalipa, shika pinioni uisukume na kuivuta, zungusha krauni mzunguko mzima ukitazama kila jino kwa tochi. Muuzaji akikataa usifungue wala usizungushe, nenda duka la pili.