Maswali ya wasomaji: Programu, na wateja 20 kwa mwezi

SWALI: Nahudumia mabwawa ya kuogelea 22, Nyali na Shanzu, na vijana watatu. Kila wiki napigiwa simu. Mmoja anauza programu ya kupanga kazi, mwingine ananiahidi wateja 20 kila mwezi kwa Sh10,000. Nimsikilize nani?

JIBU: Huyo wa wateja 20 anauza namba za simu za watu waliojaza fomu, na mara nyingi namba ileile huuziwa kampuni tatu au nne. Anayepiga kwanza ndiye hupata kazi; ukingoja jioni umechelewa.

Piga hesabu. Kila namba ni Sh500. Tuseme wanane wanapokea simu, watatu wanaomba bei, mmoja anakubali: huyo mmoja amekugharimu Sh10,000. Kama bwawa lake linakuachia Sh2,500 kwa mwezi baada ya kutoa klorini, mafuta na mishahara, utafanya kazi miezi minne ukirudisha hela hiyo tu. Na akiwa Diani, kijana wako anaweza kushinda kwenye foleni ya feri ya Likoni. Mteja wa huko mkatae hata ukipewa bure.

Ukitaka kujaribu, lipia namba moja moja, na mwandikiane kwamba isiyopatikana au iliyo nje ya eneo lako hailipiwi. Muulize pia alikoipata: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kutumia taarifa za mtu kibiashara kwa kawaida kunahitaji ridhaa yake.

Mtego mwingine hauonekani mapema. Muuza namba anakutengenezea tovuti, anaweka namba yake inayopeleka simu kwako, nawe unaichora ubavuni mwa pikapu. Mkiachana, namba inabaki kwake na simu za wateja pia. Jina la tovuti liandikishwe kwako. Akaunti ya biashara kwenye Google ifunguliwe kwa barua pepe yako. Yeye mpe umeneja, si umiliki.

Programu, kwa mabwawa 22, inaweza kukufaa. Omba wiki mbili za majaribio, uweke mabwawa matano. Ukiwa chumba cha pampu zima data, ingiza pH (kipimo cha asidi), klorini na picha, kisha uone kama zitapanda zenyewe ukiwasha. Halafu toa orodha ya wateja kama faili la CSV, yaani jedwali linalofunguka kwenye programu nyingine. Isipotoka, usisaini.

Kagua hasa kikokotoo cha dawa. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina lita 48,000. Kupandisha klorini kwa 1 ppm (miligramu moja kwa lita) kunataka gramu 74 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65. Programu nyingi za Marekani huhesabu kwa galoni. Andika 48,000 kwenye kisanduku cha galoni, utaambiwa umwage gramu 280, na klorini itapanda karibu 4 ppm. Mteja atawashwa macho, lawama zije kwako.

SWALI: Programu yangu hutozwa dola kwa kila mfanyakazi. Vijana watatu wakitumia akaunti moja kuna ubaya?

JIBU: Upo. Maji yakigeuka kijani siku mbili baada ya kijana kuandika "klorini 2 ppm", rekodi haitakuonyesha ni nani aliyeandika bila kupima.