Mkuu, weka msumeno chini: mita 14 haziingii kwenye ubao mmoja

Usikate kitu bado. Umesema una ubao mmoja wa mita 2.44 kwa 1.22, utausukumia kwenye pembe ya chumba, na juu yake unataka njia ya magari ya sloti (magari madogo ya umeme yanayofuata mfereji) ya 1:32, yaani mara 32 chini ya gari halisi, kwa vipande vya plastiki vya Scalextric Sport: laini mbili, mita 14 kwa mzunguko, daraja, na kona nne za yu. Kisha unauliza transfoma, dijitali (magari kadhaa kwenye laini moja) au analogi (gari moja kwa kila laini), na gundi ya kubandikia nyasi za bandia. Nyasi! Kwa mchoro huo hata pa kuweka mti mmoja hupati.

Tupige hesabu. Kipande cha Scalextric Sport kina upana wa mm 156. Mita 14 mara 0.156 ni mita za mraba 2.18, na ubao wako wote ni 2.98. Karibu robo tatu ya ubao ni lami tupu. Sasa acha mm 80 tu kati ya njia na njia jirani, tena nafasi hiyo moja ihudumie njia zote mbili: 14 mara 0.236 ni 3.3. Ubao umekwisha na nguzo za daraja hujazigusa.

Kanuni ni moja, na ningeweza ningekuchorea ukutani: CHORA UKINGO KWANZA, NJIA BAADAYE. Ukingo ni ile sehemu bapa nje ya kipande, iliyo sawasawa na uso wa njia, ambapo tairi la nyuma linatua mkia ukitupwa nje ya kona. Bila huo hakuna mashindano, kuna kuokota magari sakafuni.

Angalia vipimo. Mfereji wa laini ya nje uko mm 39 kutoka mwisho wa kipande. Gari la 1:32 lina upana wa mm 60 hivi, kwa hiyo mm 30 zinakaa upande huo. Zimebaki mm 9. Gari likitoka kwenye kona, ulimi wa mbele bado umo ndani ya mfereji lakini mkia umekwenda pembeni, na mm 9 zimeisha hata kabla hujaachia kidhibiti. Tairi la nyuma linadondoka nje ya kipande, chesisi inakaa juu ya ncha ya plastiki, brashi za shaba zinanyanyuka kwenye reli, umeme unakatika. Gari linasimama mkia ukiwa hewani, na mwenzako kwenye laini ya pili anakupita. Yote hayo kwa kukosa kipande cha ubao cha upana wa kiganja.

Kosa linalokula pesa ni hili: kona ya R3 kwenye ubao wa 1.22 (R1, R2 na R3 ni saizi za kona, R1 ndiyo ndogo kabisa). Nusu duara ya R3 inataka mm 1208 kutoka nje hadi nje. Ubao una 1220. Programu ya kuchorea inakubali, haina shida, inakupa hata rangi ya kijani. Zinabaki mm 6 kila upande! Gari likiteleza pale linaelekea sakafuni moja kwa moja, kutoka urefu wa meza. Wanaokimbilia Carrera, kampuni nyingine, wanakutana na yaleyale: nusu duara ya K2, kona yao ya saizi ya pili, ni mm 1188, wamebaki na 16. Programu inajua vipande vinaungana, haijui kuwa gari lina mkia.

Na wale wanaobandika michoro ya "mita kumi na kitu kwenye ubao mmoja", imejaa kuanzia ncha hadi ncha, wakipongezana! Hakuna hata mmoja anayeonyesha gari likipita pale kwa kasi. Muuzaji naye atakwambia sumaku ya chini ya gari italishika. Sumaku inashika, ndiyo, tena vizuri, hadi pale inapoachia. Bila sumaku mkia unaanza kuteleza taratibu, unaona, unapunguza. Ukiwa na sumaku huoni kitu: gari limeganda kwenye reli, sekunde inayofuata liko chini ya kabati, kwa sababu limeachiwa likiwa na kasi kubwa zaidi. Anayekuuzia vipande vingi hana sababu ya kukuambia ununue vichache, hilo tulipaswa kulijua tangu shule ya msingi.

Mtego mwingine uko kwenye mchoro wako upande wa kushoto. Umeweka R1 ndani ya R2. Nafasi iliyo ndani ya nusu duara ya R2 ni mm 584, na nusu duara ya R1 kwa nje ni mm 584 vilevile. Vimetengenezwa vikae pamoja hivyo, kwa njia ya laini nne ambapo magari yote yanakwenda upande mmoja. Wewe hizo ni sehemu mbili tofauti za mzunguko uleule, na magari yanapishana uso kwa uso. Mkia wa gari la R1 ukitoka nje unaingia kwenye laini ya mwenye R2. Kila mzunguko. Kioo cha pembeni na bawa la nyuma ndivyo vitu vya kwanza kuvunjika, sijui kwa nini viwanda vinahangaika kuvibandika.

Sasa kinachoingia kweli. Nusu duara ya R2 ni mm 896, kwa hiyo kwenye upana wa 1220 unabaki na mm 162 kila upande. Huo ndio ukingo wa watu. Kwa urefu: 2440 toa 896, toa mm 100 kila ncha, unabaki na 1344. Hapo vinaingia vipande vitatu vya mm 350, nusu kimoja cha 175 na robo kimoja cha 87, jumla 1312, kila upande. Mzunguko ni karibu mita 5. Ukiukunja upande mmoja mrefu kuelekea ndani utaongeza kidogo, usitegemee miujiza. Kama roho yako haitulii bila mita 14, ongeza ubao wa pili kwa umbo la L, au hamia HO, magari madogo zaidi: kipande cha kampuni ya AFX kina upana wa mm 76, na mita 14 zake pamoja na ukingo wa mm 40 zinachukua mita za mraba 1.6 tu.

Ukingo unakatwaje: panga njia juu ya ubao, pitisha penseli pembeni, kisha kata MDF (ubao wa unga wa mbao) au foamu ngumu yenye unene sawa na kipande. Pima unene kwa kipande chako mwenyewe, usichukue namba ya mtu. Ukingo ukiwa chini, tairi linadondoka. Ukiwa juu, tairi linagonga na gari linaruka. Uendeleze kwa urefu wa kipande kimoja baada ya kona kuisha, kwa kuwa mkia bado unarudi. Ndani ya kona weka mm 25 hivi pia, maana gari likienda polepole tairi za nyuma hukata kwa ndani. Kizuizi kikae mwisho wa ukingo, kamwe kisigusane na kipande.

Ukingo huohuo upimie na mkono. Meza yenye kina cha mita 1.22 ikibanwa ukutani, mkono unafika sentimita 70 au 75 bila kulalia njia. Nusu mita ya nyuma haifikiki, na kwenye pembe ya chumba umefunga pande mbili. Funga magurudumu chini ya meza uivute, au acha upenyo wa sentimita 50. Ikishindikana kabisa, sehemu iliyonyooka ndiyo ikae nyuma, kona nyingi iwezekanavyo mbele.

Daraja liondoe. Kulipitisha gari chini, na mkono wa kulitoa, unahitaji mm 90 pamoja na unene wa kipande, sema 100. Kwa mwinuko wa 1 kwa 10 ni mita nzima kupanda na mita nzima kushuka, umeshaumaliza upande wako mrefu. Ukisimamisha mlima zaidi, ulimi unachomoka kileleni. Najua unalitaka ili laini zilingane urefu, na hapo una hoja: mzunguko usiojikata una tofauti ileile ya mm 490 kati ya laini hizo mbili, hata ukiweka kona ishirini za kushoto na kulia. Lakini dawa rahisi ni kubadilishana laini kila raundi.

Umeme kwa mita 5 hauna mambo. Waya wa mm² 1.5 chini ya ubao, toka kwenye kipande cha umeme hadi upande wa pili wa mzunguko, lehemu chini ya reli, kila reli kwa mwenzake. Pima na multimita kabla ya kuwasha. Ukichanganya reli za laini mbili, kidhibiti kimoja kitaendesha magari yote mawili au transfoma itajikata.

Kabla ya hayo yote panga vipande sakafuni, weka mkanda wa karatasi mm 1220 kwa 2440, na endesha jioni nzima. Kila gari linapovuka mkanda, weka alama kwa chaki. Kisha nitumie picha ya hizo alama, achana na mchoro wa programu.