Kabla hujakubali kumlea kijana kazini

Wafanyakazi wengi wakiombwa kuwalea vijana wanaotoka shule kuingia kazini, hukubali kwa moyo mweupe, kisha wanaanza kuandaa hotuba. Nidhamu, bidii, nilikotoka mimi hadi kufika hapa. Miaka niliyofanya kazi hii ya kujitolea imenionyesha kwamba hotuba hiyo kijana anaijua kwa kichwa; ameisikia tangu darasa la kwanza. Asichokijua ni yale ambayo sisi wenyeji hatuyaoni tena.

Shuleni, kumwuliza jirani jibu ni udanganyifu. Kazini, asiyemwuliza jirani ndiye anayekwamisha wenzake. Ugeni wote umejificha hapo. Kijana akimaliza alichopewa hukaa kimya akingoja aambiwe lingine, kwa sababu miaka yote kengele na mwalimu ndivyo vilivyompangia. Msimamizi anamwona mvivu, kumbe mwenzake anaogopa kuonekana mjinga. Nimeona vijana hodari wakipewa sifa mbaya kwa hilo tu. Mweleze basi waziwazi: ukimaliza, nenda ukaseme umemaliza. Ukiumwa, mpigie fulani kabla ya saa ya kuingia. Bosi akisema “ukipata nafasi niangalizie hii”, mara nyingi anaitaka leo. Mshahara wa kwanza ukitoka, kaeni pamoja msome makato mstari kwa mstari, maana ule unaotajwa kwenye mkataba na unaoingia mfukoni si mmoja, na hakuna aliyemwambia.

Mazungumzo haya hayawezekani kama wewe ndiwe unayemsimamia. Nani atamwambia anayempima kwamba hajaelewa kitu? Omba upewe kijana wa idara nyingine. Mkutane kazini, mahali penye watu, na masuala ya kukopeshana fedha yasiingie kabisa.

Mtambulishe pia kwa watu, hata wale mnaosalimiana tu kwenye ngazi. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1973 kwamba wengi wa aliowachunguza waliopata kazi kupitia mtu, walipata habari kwa mtu wanayeonana naye mara moja moja tu, si kwa rafiki wa karibu. Kijana aliyetoka shule jana, watu wa aina hiyo atawatoa wapi? Wewe unao, na kuwashirikisha hakukugharimu chochote.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kuanza na kuacha. Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ulikuta kwamba vijana waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika zaidi, ilhali wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi 3 walishuka katika kujithamini. Nafuu usianze. Tazama ratiba yako kwanza, hasa misimu ambayo kazi hukulemea, na ukiona huwezi, sema huwezi.

Asiye na mwaka anaweza kuwa na saa moja. Jitolee kusoma wasifu wa vijana au kuwafanyia usaili wa majaribio. Hapo kila mmoja anajua tangu mwanzo kwamba mnaonana mara moja, na kijana anaondoka na marekebisho mkononi.