Ukitumwa Kuandika Habari za Moyo Vijijini

Habari za moyo zinazotoka huku Lamu hadi magazetini mara nyingi ni za namna mbili: kambi ya matibabu ya bure ambapo watu wamepimwa presha, au mtoto anayechangiwa pesa za upasuaji. Zote ni habari, sikatai. Ila nyinyi vijana mnaoanza kuripoti, nawashauri mwulize habari za vidonge vya mwezi ujao.

Kambi ni ya siku moja. Mgeni rasmi hupigwa picha akifungwa kipimo mkononi, kisha boti huondoka mapema kabla maji hayajakupwa Mkanda, ule mkondo wa bahari ambao boti hupita maji yakiwa yamejaa. Aliyeambiwa ana presha hubaki Kizingitini, kisiwani Pate, na pakiti yake. Rudi kwake wageni wakishaondoka. Bibi mmoja alinifungulia pindo la leso, vidonge karibu vyote vimo. "Mwanangu, kichwa hakinigongi, nimeze ya nini?" Habari ndiyo hiyo. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, na dawa yake humezwa kila siku hata mtu akijiona mzima. Liandike kwa maneno ya bibi. Watu wa barazani watalishika kuliko hotuba nzima ya mgeni rasmi.

Tarakimu nazo zina adabu zake. Presha huhesabiwa imepanda ikifika 140 kwa 90, lakini hupimwa zaidi ya siku moja, mtu akiwa ameketi ametulia kama dakika 5. Mzee aliyepanda ngazi za gati sasa hivi, na kahawa chungu ingali tumboni, apumzike kwanza ndipo umwandike.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Usimhubirie mvuvi aache ng'onda, samaki mkavu wa chumvi (mimi mwenyewe siachi). Mwulize mpishi kama huiroweka na kumwaga yale maji, na kama bado hutia chumvi mchuzini.

Kwa yule mtoto wa upasuaji, mwulize mamake habari za koo. Wako wanaozaliwa na tundu moyoni, na wako ambao vali za moyo, vile vilango vya kupitishia damu, zimeharibika kufuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ambayo penisilini ingeyamaliza mapema. Aya hiyo ukiiweka mwisho, mhariri ataikata akikosa nafasi. Ipandishe juu, kabla ya namba ya michango.