Anza na Mali ya Askofu: Ushauri kwa Wanaoanza Kusoma Ugomvi wa Mapapa na Wafalme

Wanafunzi wengi wanaoanza kusoma uhusiano wa mapapa na wafalme wa Ulaya katika Zama za Kati hukimbilia Canossa, ngome ya kaskazini mwa Italia. Nimesahihisha insha nyingi zinazofunguliwa na Mfalme Henry IV wa Ujerumani akiwa amesimama pekupeku nje ya ngome, katika baridi ya Januari 1077, akimwomba Papa Gregory VII amwondolee adhabu ya kutengwa na Kanisa. Tukio hilo lilitokea, na lina uzito wake. Lakini anayeanzia hapo huona watu wawili wanaogombea heshima, kisha huuliza nani alishinda, na swali hilo humwacha njiani. Mwaka 1084 mfalme yule yule alikuwa Roma akivikwa taji la kaisari na Papa mwingine, aliyechaguliwa na maaskofu wa upande wake, na Gregory alifariki mwaka uliofuata akiwa Salerno, mbali na kiti chake. Ushauri wangu ni kwamba uanze na askofu wa jimbo: alimiliki nini, nani alimkabidhi, na alipofariki nani alikusanya mapato yake mpaka mrithi apatikane.

Askofu wa Ujerumani wa karne ya 11 hakuwa mchungaji wa roho tu. Alimiliki mashamba na vijiji, aliendesha mahakama, alitoza ushuru sokoni na mitoni, mara nyingine alikuwa na haki ya kutengeneza sarafu, na mfalme alipokwenda vitani alitakiwa kupeleka wapiganaji wenye farasi. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilitoka kwa wafalme wenyewe, hasa tangu enzi ya Otto I katika karne ya 10, nao walikuwa na hesabu yao. Kabaila aliyepewa ardhi aliirithisha kwa mwanawe, na baada ya vizazi viwili au vitatu ukoo ule uliweza kumgeuka mfalme. Askofu hakuwa na mrithi halali wa kumwachia jimbo, kwa hiyo kila alipofariki, mfalme alipata nafasi ya kuweka mtu wake upya. Ndiyo maana mfalme alimkabidhi askofu mteule pete na fimbo ya kichungaji huku akimwambia "Pokea kanisa", na kwa muda mrefu ni wachache walioona ubaya wowote. Nguvu ya watu hawa inaonekana wazi mwaka 1062, pale Anno, Askofu Mkuu wa Köln, alipomteka Henry IV, wakati huo mtoto wa miaka 11, kwa kumpakia kwenye mashua huko Kaiserswerth, akaondoka naye pamoja na madaraka ya kutawala kwa niaba yake. Mfalme aliyelelewa hivyo alijua mapema kwamba anayeteua maaskofu ndiye anayeshika nchi.

Hapa nitoe tahadhari, kwa sababu anayejifunza kutafuta mali huishia kuona mali peke yake. Waliompinga mfalme waliamini kwa dhati kwamba kununua cheo cha Kanisa ni dhambi inayochafua huduma yote ya altare, dhambi waliyoiita usimoni kwa kumkumbuka Simoni mchawi wa Matendo ya Mitume, na kwamba mkono unaoshika upanga haustahili kutoa pete ya kiaskofu. Ukiwasoma kama wanasiasa waliovaa kanzu, hutawaelewa. Vilevile sisi tuliokulia katika usemi wa "tusichanganye dini na siasa" huubeba usemi huo hadi karne ya 11, ambako hapakuwa na upande ulioudai: Henry alijiona mpakwa mafuta aliyepewa na Mungu kazi ya kulilinda Kanisa, naye Gregory alijiona ana wajibu wa kuwahukumu wafalme kwa ajili ya roho zao. Isitoshe, mageuzi yenyewe ya kulisafisha Kanisa na dhambi hizo yalianza kwa msaada wa mfalme. Henry III, baba yake Henry IV, ndiye aliyesimamia sinodi za Sutri na Roma mwaka 1046, ambamo watu watatu waliokuwa wakidai upapa waliondolewa na askofu Mjerumani akawekwa kwenye kiti hicho. Ni baadaye, mwaka 1059, Papa Nicholas II alipotoa amri ya kuwapa makardinali nafasi ya kwanza katika kumchagua Papa, ndipo upapa, kama mtoto, ulipoanza kumponyoka mfalme aliyeulea.

Kuhusu Dictatus Papae, ile orodha ya kauli 27 inayosema, pamoja na mengine, kwamba Papa anaweza kuwavua makaisari madaraka yao, kumbuka kwamba imo katika rejista ya barua za Gregory ya mwaka 1075. Haikuwa sheria iliyopitishwa na mtaguso. Itumie kuonyesha namna Papa alivyofikiri, usiitumie kuonyesha alichokuwa ameshakipata.

Jambo la pili ni kuhesabu nani yuko upande gani. Msiandike "Kanisa" na "Mfalme" kana kwamba ni Simba na Yanga, kila shabiki na jezi yake. Januari 1076 maaskofu wa Ujerumani zaidi ya 20 walikutana Worms pamoja na Henry, wakatangaza kwamba hawamtambui tena Gregory kuwa Papa. Hao walikuwa wanakanisa, na walikuwa na malalamiko yao wenyewe, kwa sababu Roma ilikuwa imeanza kuwaita na kuwaadhibu kama watumishi wake wadogo. Gregory alijibu Februari kwa kumtenga mfalme na Kanisa na kuwafungua raia wake kutoka katika viapo vya utii. Walioipokea hukumu hiyo kwa furaha zaidi ni makabaila, hasa wa Saxony, waliokuwa wameasi tangu mwaka 1073 kwa sababu za ardhi na ngome ambazo hazikuhusiana kabisa na pete ya askofu. Oktoba 1076, huko Tribur, wakuu hao walimwekea Henry sharti kwamba asipofunguliwa adhabu ndani ya mwaka mmoja tangu alipotengwa, hawatamtambua tena kuwa mfalme, na wakamwalika Papa aje Augsburg Februari 1077 kuamua shauri.

Soma sasa habari za Canossa ukiwa na tarehe hizo mkononi. Henry alivuka milima ya Alps wakati wa baridi ili amfikie Papa kabla Papa hajafika Augsburg. Ngome ilikuwa ya Matilda wa Tuscany, mshirika mkubwa wa Gregory, na miongoni mwa waliomwombea mfalme alikuwa Hugh, abate (mkuu) wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, ambaye alikuwa baba yake wa ubatizo. Habari ya siku tatu za kusimama mlangoni bila viatu inatoka katika barua ya Gregory mwenyewe, na barua hiyo iliandikwa kwa wakuu wa Ujerumani, yaani kwa watu ambao Papa alikuwa amewavunja moyo kwa kumsamehe adui yao. Ni utetezi. Ilimpasa aonyeshe kwamba mfalme alijidhalilisha kweli, na kwamba watu waliokuwapo walimlaumu yeye kwa ukali wake mpaka akalegea. Hiyo haina maana kwamba alidanganya. Ina maana kwamba kila kipande cha simulizi kina kazi katika hoja yake, na mwanafunzi anayenukuu bila kutaja nani aliandikiwa hupoteza nusu ya ushahidi.

Kama muda wako unatosha kusoma mwaka mmoja tu kwa kina, usichague 1077. Chagua 1111. Henry V, mwana wa yule wa Canossa, alikwenda Roma kutafuta taji la kaisari, na Papa Paschal II akatoa pendekezo ambalo hakuna Papa kabla yake aliyethubutu kulitoa: mfalme aache kukabidhi maaskofu vyeo vyao, na maaskofu nao warudishe kwa mfalme miji, ushuru, masoko, haki za sarafu na kila walichopewa na ufalme, waishi kwa zaka na sadaka. Kimantiki lilikuwa suluhisho safi. Kama ugomvi ungekuwa wa kiroho tu, ungeishia hapo. Lakini Februari 12, masharti yaliposomwa hadharani katika Basilika la Mtakatifu Petro, maaskofu wa Ujerumani walipiga kelele za kukataa, na makabaila pia wakapinga, maana wengi wao walishikilia ardhi waliyopewa na maaskofu. Ibada ya taji ikavunjika kwa ghasia, na Henry akamkamata Papa pamoja na makardinali wake. Paschal alishikiliwa kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha akamruhusu mfalme kutoa pete na fimbo, na mwezi Aprili akamvika taji. Mwaka uliofuata sinodi ya Lateran ikaitangua ruhusa hiyo kwa kuwa ilipatikana kwa nguvu. Ninapenda kuwauliza wanafunzi ni nani hasa aliyelizima pendekezo la Paschal, kwa sababu jibu linawalazimisha kuwaona maaskofu kama kundi lenye maslahi yake, lisilo la Papa wala la mfalme.

Mkataba wa Worms wa Septemba 23, 1122, kati ya Henry V na Papa Calixtus II, unasomeka vizuri baada ya hapo. Mfalme aliacha pete na fimbo ya kichungaji, alama za kazi ya kiroho, na akabaki na haki ya kukabidhi mali na mamlaka ya kidunia kwa fimbo ya enzi. Usiishie kwenye alama; angalia nini kilitangulia. Nchini Ujerumani uchaguzi ulifanyika mbele ya mfalme, na mteule alipokea fimbo ya enzi kabla ya kuwekwa wakfu, hivyo mfalme aliyemchukia mteule aliweza kumchelewesha. Italia na Burgundy mteule aliwekwa wakfu kwanza, kisha akapokea mali ndani ya miezi 6, na hapo mfalme hakuwa na cha kuzuia. Uingereza ilikuwa imeshafikia mapatano yanayofanana na hayo mwaka 1107, kati ya Mfalme Henry I na Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury.

Kuhusu Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyegombana na Mfalme Henry II wa Uingereza, nitakuwa mfupi, kwa kuwa mauaji yake ya Desemba 29, 1170 yanajulikana mno. Soma Katiba za Clarendon za mwaka 1164 zote, yaani kanuni za mfalme huyo kuhusu Kanisa, vifungu 16, badala ya kuruka hadi kifungu cha 3 kinachohusu makleri (mapadre na watumishi wengine wa Kanisa) waliotenda makosa ya jinai. Kifungu cha 12 kinasema kwamba uaskofu au abasia (monasteri) ikiwa wazi, mapato yake yawe mkononi mwa mfalme. Ukikisoma utaelewa kwa nini kiti kilichokaa bila askofu hakikuwa hasara kwa hazina ya mfalme. Msome pia Gilbert Foliot, Askofu wa London, aliyempinga Becket kwa hoja nzito, ili usidhani maaskofu wote wa Uingereza walisimama na mwenzao.

Mfalme John wa Uingereza na Papa Innocent III wanafaa kwa zoezi la pande zinazogeuka. John alikataa kumpokea Stephen Langton, aliyekuwa ameteuliwa na Papa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207. Papa akafunga huduma za ibada nchini kote kuanzia Machi 1208, na mfalme akatumia nafasi hiyo kuchukua mapato ya Kanisa. Mwaka 1213, akihofia kuvamiwa na Ufaransa, John aliukabidhi ufalme wake kwa Papa, akaupokea tena kama mtawala aliye chini yake kwa malipo ya marki 1,000 kila mwaka. Kuanzia hapo Papa alikuwa mtetezi wake. Innocent aliitangua Magna Carta, hati ya haki ambayo makabaila walimlazimisha John kuikubali, mwaka huo huo wa 1215, na Langton, ambaye Papa alimpigania miaka mingi, akasimamishwa kazi kwa kukataa kuwaadhibu makabaila walioasi.

Unapofika kwa Philip IV wa Ufaransa na Papa Boniface VIII, swali la uteuzi limepoa na kodi imechukua nafasi yake. Mwaka 1296 Boniface alipiga marufuku wafalme kuwatoza makleri kodi bila idhini yake. Philip akazuia dhahabu na fedha kutoka nje ya nchi, na mwaka uliofuata Papa akalegeza msimamo. Wengi hunukuu hati ya Unam Sanctam ya mwaka 1302, inayodai kwamba kila mwanadamu lazima awe chini ya Papa, kama kilele cha nguvu za upapa, ilhali mwaka 1303 aliyeiandika alivamiwa nyumbani kwake Anagni na watu wa mfalme huyo, akafariki mwezi uliofuata.

Ukipewa uhuru wa kuchagua mada ya tasnifu, lipeleke swali la askofu hadi Ethiopia, ambako hali ilikuwa tofauti kabisa. Abuna, askofu mkuu wa Kanisa la huko, alikuwa mtawa wa Misri aliyetumwa na Patriaki wa Alexandria. Mfalme wa Ethiopia alikuwa na ardhi ya kuzipa monasteri na alijua kuitumia, lakini askofu hakuweza kujitengenezea. Abuna alipofariki, ujumbe wenye zawadi ulisafiri hadi Cairo, ukapita kwa sultani Mwislamu kabla ya kupata mwingine, na kwa kawaida upadrisho ulisimama mpaka atakapofika.